Kiingereza kwa simu: nani atashika usukani Chita?

MKULIMA wa mpunga wa Chita huulizia bei ya Ifakara kwa simu moja tu. Mtoto wake akiingia kidato cha kwanza, anakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, lugha asiyoisikia nyumbani. Je, simu hiyohiyo haiwezi kumsaidia?

Inaweza, ila iwe na mwenyewe. Mwaka 2007 mradi wa Elimu kwa Teknolojia uliwapa walimu nchini simu za kupakua vipindi vya video na kuvionyesha kwenye televisheni darasani. Ulilenga hisabati, sayansi na stadi za maisha, si Kiingereza. Bangladesh, mradi wa BBC Janala ulioanza mwaka 2009 ulitoa masomo ya Kiingereza ya dakika 3 kwa simu, na kampuni za simu zikakubali kushusha gharama. Maana yake yupo aliyekaa nazo akabishania bei. Huo ndio uongozi.

Kwa Chita, ningemkabidhi masomo mwalimu wa Kiingereza, si kampuni ya simu. Bei ni kazi ya Halmashauri ya Mlimba, na ikubaliwe kabla ya masika, wakati mpunga wa akiba umepungua ghalani na vocha inashindana na chumvi. Tena masomo yawe ya sauti, yasikike hata kwenye kitochi.