Saluni: Miezi 3 au Mwaka Mzima?

Mkeo amekwambia anaacha ofisi akasomee saluni. Usicheke kwanza, kaka. Muulize: kozi ipi?

Maana kozi fupi za miezi 3 zipo, utajua kuosha, kusuka, kuseti na kupaka rangi kucha. Ila kwa cheti cha VETA, ngazi ya kwanza peke yake ni kama mwaka, na ngazi ziko 3. Wengi wanalalamika, eti mwaka wote wa nini kwa kazi ya "kusuka tu"? Mimi siwaungi mkono. Dawa ya kulainisha nywele inaweza kuunguza ngozi ya kichwa. Lazima ujue kupaka mafuta kwanza, kuangalia dakika, na kuisuuza mpaka iishe. Rangi ya nywele nayo hujaribiwa kidogo nyuma ya sikio, ukasubiri saa 48. Halafu kuna mteja atakayekuja na krimu yake ya zebaki, iliyopigwa marufuku nchini, akuombe umpake! Utamjibu nini?

Na wewe shosti unayekwenda, andaa miguu. Ni kusimama kutwa, na mwanzoni utafagia nywele na kufua taulo mpaka uchoke. Jumamosi wenzio wanatoka na wapenzi wao, wewe uko na draya.

Kwa hiyo kaeni wawili na kalamu: ada, vifaa, nauli, na kodi ya nyumba italipwa na mshahara wa nani. Barua ya kuacha kazi isubiri kwanza.