Kompyuta inayokula mega bila kutumwa

Data zinazopita kwenye kompyuta bila mwenye nyumba kuziagiza zina mwenyewe, na mwenyewe hupatikana kwa kupima, si kwa kukisia. Huko Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, ambako kompyuta nyingi za nyumbani hupata intaneti kupitia hotspoti ya simu, dalili ya kwanza huonekana kwenye simu yenyewe: forfe (kifurushi cha data) iliyonunuliwa asubuhi ili itoshe wiki nzima imekwisha kabla ya adhuhuri, na aliyeinunua hakufungua zaidi ya barua-pepe mbili.

Neno la kwanza linalosemwa hapo ni virusi, na mashine hupelekwa kwa fundi ikaformatiwe. Ni haraka yenye hasara. Maksi za wanafunzi, hesabu za duka na picha za marehemu hufutika, na mega huendelea kuliwa vilevile, tena pengine zaidi, kwa sababu Windows iliyowekwa upya ina masasisho mengi zaidi ya kushusha kuliko ile iliyofutwa.

Chanzo kikubwa kiko katika namna Windows ilivyoundwa. Kwa kawaida Wi-Fi huichukulia kuwa haina kikomo mpaka mtumiaji aiambie vinginevyo. Haijui kwamba nyuma ya Wi-Fi hiyo kuna simu ya mtu yenye mega 500. Tena nyumba nyingi za huku zinategemea paneli za jua au jenereta, kwa hiyo mashine hulala siku nne au tano, kisha huwashwa saa mbili tu. Katika saa hizo mbili hutaka kulipa deni la siku zote: masasisho ya mfumo, ya antivirusi na ya kivinjari, pamoja na picha zinazopandishwa OneDrive. Anayewasha kompyuta kila siku hauoni mkupuo huo.

Upimaji huanza kwa kufunga kila kitu, kivinjari kikiwemo, na kuiacha mashine kwenye hotspoti kwa dakika kumi. Kisha hubonyezwa Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha linalofunguka, ambalo kwenye kompyuta za Kifaransa huitwa Gestionnaire des tâches, lina safu ya mtandao. Kichwa cha safu hiyo kikibofywa, programu inayokula zaidi hupanda juu. Hapo kuna mtego wa vipimo. Dirisha huhesabu kwa megabiti, ilhali mega zinazouzwa ni megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kasi ya megabiti 0.4 kwa sekunde yaonekana si kitu. Lakini ni kilobaiti 50 kila sekunde, yaani mega 180 kwa saa, na ikidumu hivyo forfe ya mega 500 haimalizi saa tatu.

Mara nyingi jina linalopanda juu ni Hôte de service, yaani svchost.exe, na hapo wengi hukata tamaa. Jina hilo ni kama mnyampara wa misafara ya zamani iliyotoka Kasongo, ikapita Kabambare kuelekea Ujiji: anayetajwa ni mmoja, wapagazi walio chini yake ni wengi. Ili kumjua mpagazi mwenyewe, neno resmon huandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia, na Moniteur de ressources hufunguka. Sehemu yake ya mtandao huonyesha kila programu, namba yake iitwayo PID, baiti inazotuma na kupokea, na anwani inayozungumza nayo. Namba ikishapatikana, amri ya tasklist /svc kwenye dirisha jeusi la amri hutaja huduma zilizo nyuma yake. Wuauserv ni masasisho ya Windows, BITS ni mchukuzi wao wa pole pole, na DoSvc ni Optimisation de la distribution.

Huyu wa mwisho atazamwe kwa makini. Alikuja na Windows 10 mwaka 2015, na akiruhusiwa hupokea masasisho kutoka kompyuta za watu wengine, kisha naye huwatumia wengine vipande vilivyomo kwenye mashine hii. Kwa mtu wa Brussels mwenye laini isiyo na kikomo huo ni ujirani mwema. Kwa mtu wa Kasongo ni kumnunulia mega mgeni asiyemjua, na ni haki yake kuzima huduma hiyo kwenye mipangilio ya masasisho.

Anwani ngeni peke yake haithibitishi wizi. 127.0.0.1 ni kompyuta inayozungumza na nafsi yake, na 192.168 haitoki nje ya nyumba. Masasisho mengi hutoka kwenye seva za kukodi kama za Akamai, hivyo jina la Microsoft laweza lisionekane kabisa.

Kinachotia shaka ya kweli ni mahali faili lilipo. Svchost halali hukaa ndani ya Windows, kwenye System32 au SysWOW64. Ikikutwa kwenye Temp au AppData, au ikiwa na herufi moja iliyogeuzwa, ni mvamizi. Huingia kwa flashi zinazozunguka kwenye vibanda vya kuchapisha, au kwa kraki ya kufungulia Office isiyolipiwa, ile inayoanza kwa kuomba antivirusi izimwe. Ukaguzi wa Defender unaofanyika kabla Windows haijawaka huchukua takriban robo saa, na ujaribiwe kabla ya kufikiria kuformati.

Pengine kompyuta haina kosa. Orodha ya vifaa vilivyoshika hotspoti yaweza kuwa na simu ya jirani aliyepewa nenosiri mwaka jana. Tatizo hilo hutatuliwa kwa kubadilisha nenosiri.

Tiba ya mashine isiyo na mvamizi ni swichi moja katika mipangilio ya Wi-Fi: Connexion limitée. Ikiwashwa, Windows husimamisha sehemu kubwa ya masasisho yake. Kuyazima moja kwa moja ni kosa. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu ambalo kirusi WannaCry kililipitia Mei mwaka uleule, na mashine nyingi zilizoangamia zilikuwa hazijakiweka. Masasisho ya usalama hutoka kila Jumanne ya pili ya mwezi. Baada ya siku hiyo kompyuta ibebwe mara moja mpaka penye laini ya bei nafuu, iachwe ishushe yote.

Kisha hupimwa tena dakika kumi zilezile, kila kitu kikiwa kimefungwa. Safu ya mtandao ikikaa karibu na sifuri, kazi imekwisha. Ikipanda, PID iliyo juu ndiyo inayofuatwa.