Mhasimu Hatoki Nje: Maoni kuhusu Kumkuza Mhusika Mbaya Hadithi ya Kifantasia Inapogeuzwa Filamu

Wanaoigeuza hadithi ya mapenzi ya kifantasia kuwa filamu hukabiliwa mapema na tatizo moja. Katika kitabu, kikwazo cha wapendanao chaweza kuwa shaka, haya, laana ya zamani au husuda iliyojificha moyoni. Msimulizi huyaeleza hayo kwa sentensi moja, na msomaji akaridhika. Filamu kwa kawaida haina msimulizi wa namna hiyo. Kisichoonekana wala kusikika ndani yake ni kama hakipo. Kwa sababu hiyo, waandishi wa miswada ya filamu aghalabu humkuza mhasimu, yaani mhusika anayempinga mhusika mkuu, na pengine humbuni ambaye hakuwapo kabisa. Makala haya hayahoji uhalali wa jambo hilo. Yanahoji mhasimu huyo akuzwe kutoka wapi. Maoni yetu ni kwamba mhasimu hufaa pale tu anapochipuka katika swali ambalo hadithi yenyewe inauliza. Akiongezewa nguvu, silaha au historia ya maisha bila kufungamana na swali hilo, hunenepa lakini hakui.

Mfano unaotufaa ni hadithi ya Kifaransa La Belle et la Bête, ambayo hapa tutaiita Mrembo na Hayawani. Tunao kwa sababu imepita mikononi mwa wengi, na katika kila mkono mhasimu wake amebadilika. Gabrielle-Suzanne de Villeneuve aliichapisha mwaka 1740 ikiwa hadithi ndefu. Humo mhasimu ni bibi wa miujiza aliyetaka kuolewa na mwana wa mfalme, na alipokataliwa akamgeuza hayawani. Mwaka 1756 Jeanne-Marie Leprince de Beaumont aliifupisha, na katika kufupisha huko mbaya huyo akabaki kutajwa tu karibu na mwisho. Ubaya unaoonekana ukahamia nyumbani, kwa dada wawili wa Mrembo. Hao ndio wanaojisugua vitunguu machoni ili walie machozi ya uongo ndugu yao anapoondoka; na ndio wanaomshawishi baadaye achelewe kurudi, wakitumaini kwamba Hayawani atakasirika na kumla. Mwishoni wanageuzwa sanamu mlangoni pa jumba la ndugu yao, akili zao zikiwa timamu, ili waitazame furaha yake.

Hadithi ya Beaumont yauliza nini? Yauliza ni nani awezaye kuuona utu ndani ya umbo lisilo la mtu. Tunatumia neno utu kwa makusudi, kwa kuwa lugha yetu hulitenganisha na mtu kwa kiambishi kimoja tu, na hali kadhalika humtenganisha mnyama na unyama. Mzungumzaji wa Kiswahili haoni ajabu kusikia kwamba fulani ni mtu lakini hana utu. Hadithi hii yote ni ufafanuzi wa sentensi hiyo pamoja na kinyume chake.

Tukilishika swali hilo, twaweza kuwapima wahasimu waliobuniwa na filamu. Mwaka 1946, Jean Cocteau aliwabakiza dada wawili, lakini akamwongeza kijana aitwaye Avenant, rafiki wa kaka yake Mrembo, anayemtaka Mrembo awe mkewe. Avenant ni mzuri wa sura na ni mtu wa tamaa. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwigizaji mmoja, Jean Marais, aliigiza nafasi ya Avenant na nafasi ya Hayawani pia. Avenant anapoingia kuiba hazina, anachomwa mshale na sanamu ya Diana, na katika kufa anageuka hayawani. Papo hapo Hayawani anageuka mwana wa mfalme mwenye uso ule ule wa Avenant. Hapa mhasimu hakuletwa kutoka nje. Ni swali la hadithi lililopewa mwili: sura moja na mioyo miwili.

Studio ya Disney ilipotengeneza filamu yake ya katuni mwaka 1991, kwa mswada wa Linda Woolverton, dada wale waliondolewa na mahali pao akasimama Gaston, mwindaji wa kijijini anayesifiwa na wote kwa uzuri na nguvu zake. Wako wanaomwona Gaston kuwa nyongeza ya kibiashara. Hatukubaliani nao. Katika andiko la Beaumont, dada mkubwa anaolewa na bwana mzuri mno wa sura, ambaye kuanzia asubuhi hadi jioni hashughuliki na kitu isipokuwa uso wake mwenyewe, hata akaudharau uzuri wa mkewe. Ni sentensi moja tu, wala si hoja kama mwandishi wa filamu aliiokota hapo au la. Hoja ni kwamba mbegu ya Gaston ilikuwa tayari katika udongo wa hadithi. Mtu mwenye sura na asiye na utu ni jibu la upande wa pili kwa hayawani mwenye utu.

Kwa mwanaisimu, Gaston ana jambo jingine la kutazamwa, nalo ni namna anavyoitumia lugha. Hashindi kwa misuli peke yake. Anashinda kwa kutaja. Mrembo anawaonyesha wanakijiji sura ya Hayawani katika kioo cha miujiza ili kuthibitisha kwamba baba yake si mwendawazimu. Gaston anakipokonya kioo, anampa Hayawani jina la kutisha, anawaambia watu kwamba watoto wao hawako salama, na kabla ya usiku kwisha kijiji kizima kiko njiani na mienge. Katika Kiswahili tendo hilo lina sarufi yake. Upatanisho wetu haumbagui mnyama na mtu: mtu amekuja, mnyama amekuja. Lakini tunapotaka kumtoa kiumbe katika jamaa ya viumbe, twamwita dubwana au zimwi, na aghalabu upatanisho hubadilika pamoja na jina: dubwana limekuja. Hata methali yetu yasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, haisemi akujuaye. Atakayeitia filamu hii sauti za Kiswahili amsikilize Gaston kwa makini mahali hapo, kwani kutoka a- kwenda li- ndiyo safari yote ya kijiji kile kutoka udadisi hadi mauaji. Mhasimu aliyekuzwa vyema huharibu maneno kabla ya kuharibu miili.

Tulinganishe na toleo la mwaka 2017, lililoigizwa na watu halisi. Humo Gaston ameongezewa mambo: amekuwa askari aliyerudi kutoka vitani, anatulizwa kwa kukumbushwa vita, na anamfunga baba yake Mrembo mtini ili aliwe na mbwa mwitu. Hayo yanatuambia zaidi kuhusu alikotoka na ukatili wake. Je, yanatuambia zaidi kuhusu utu na umbo? Kwa maoni yetu, ni kidogo sana. Vita vingeweza kumfunza mtu kuwatazama wenzake kama mawindo, na hapo pangekuwa na hoja. Lakini filamu inaigusa hoja hiyo na kuiacha. Kumpa mhusika mbaya historia si sawa na kumkuza.

Haki yatudai tutaje hasara pia. Gaston alipoingia na dada wakatoka, hadithi ilipoteza ubaya wa nyumbani. Gaston ni mtu wa nje, na Mrembo anamkataa tangu mwanzo bila taabu. Dada ni damu yake. Machozi yao ya vitunguu yanamdanganya kwa kuwa anawapenda. Zaidi ya hayo, pambano la juu ya paa la ngome hushindana na tendo la Mrembo mwenyewe, ambalo kwa Beaumont ndilo kilele: kurudi kwa hiari yake na kukubali kuolewa. Kila dakika anayopewa mhasimu huchukuliwa kwa mwingine, na mwandishi wa mswada hana budi kujua anamnyang'anya nani.

Mjadala huu watuhusu kwa karibu, kwa sababu fasihi yetu inayo kazi iliyo jamaa na hadithi hiyo. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1952, Hasidi na Mwivu wanamtosa baharini ndugu yao Adili, aliyekwisha kuwagawia mali yake, kwa kumhusudu na kumtamani Mwelekevu. Jini Huria anamwokoa Adili, na nduguze wanageuzwa manyani. Kwa Beaumont dada wenye husuda wanakuwa mawe. Kwa Shaaban Robert ndugu wenye husuda wanakuwa wanyama. Swali la utu na umbo ni lile lile.

Atakayeigeuza kazi hiyo kuwa filamu atashawishika kumtafuta mhasimu mkubwa zaidi, pengine jini mwenye pembe na moshi. Tungemshauri asifanye hivyo. Mhasimu yumo, ila yataka kazi kumwonyesha. Kwanza kuna tatizo la majina: kitabuni, jina Hasidi ni sehemu ya mafunzo, katika filamu, likitamkwa mara moja hadhira imekwisha kujua yote. Lingeweza kucheleweshwa, na mahali pake wahusika wakaitana ndugu yangu, neno ambalo siku ya kutosana baharini litauma kuliko jina lolote la kutisha. Pili, Shaaban Robert ameacha zawadi kwa mtengenezaji wa filamu: liwali mwema anayewapiga manyani wawili kila usiku kwa siri. Kamera ikianza hapo, mtazamaji atamdhania Adili kuwa ndiye mhasimu. Hapo tena tutakuwa tumeulizwa, bila msimulizi kutia neno, ni nani mwenye utu kati ya anayeshika kiboko na anayelia.

Tunapendekeza kipimo kimoja kwa waandishi wetu wa miswada. Mvueni mhasimu silaha, kicheko na mavazi yake, kisha tazameni kama bado analijibu swali la hadithi kwa njia iliyo kinyume na ya wapendanao. Akibaki na jibu, mkuzeni. Asipobaki na kitu, rudini kitabuni mkamtafute upya, kwani huenda mmempita akiwa amekaa kimya sebuleni pamoja na jamaa wengine wa nyumba.