Jamaa wa Saiba Anajua Kitu Gava Haijui: Huu Utafiti wa UX Ni Nini na Mbona Unakuhusu

Ingia saiba yoyote ya mtaa, iwe Githurai, Kayole ama Kondele, ukae hapo nusu saa. Utaona mzae ameshika ID na karatasi imekunjwa mara nane, anaambia jamaa wa saiba, "Kijana, nisaidie kuingia hapo kwa eCitizen." Jamaa hata haulizi maswali. Anafungulia mzae akaunti na imeli ametengeneza yeye mwenyewe, paswadi anaiandika na biro nyuma ya ile karatasi, mzae anatoa soo mbili, anaenda. Baada ya wiki mzae anarudi. Karatasi imepotea, paswadi imeenda nayo, na soo mbili ingine inatoka.

Hizo soo haziingii kwa Gava. Hio ni bei ya dizaini mbaya, na anailipa mtu mwenye hana.

Jamaa wa saiba anajua ni kurasa gani watu hukwama, ni swali gani huwachanganya, na ni saa ngapi sistemu huanza kuzunguka zunguka. Anajua yote hayo na hakuna mtu wa Gava amewahi kumwuliza. Kazi ya kukaa mahali kama hapo na daftari, kucheki venye watu wanatumia kitu, ndo wasee wa teki huita utafiti wa UX. UX ni uzoefu wa mtumiaji, venye mtu anajisikia na kufanikiwa ama kukwama akitumia kitu chako. Dizaina anachora, developa anajenga, mtafiti naye anauliza maswali ya kiherehere: huyu mtu anataka kufanya nini hasa? Anakwamia wapi? Akikwama, anaita nani?

Kama unadhani haya ni mambo ya wazungu wa Silicon Valley, rudi nyuma hadi 2005, hapa hapa Thika na Nairobi.

Vodafone na Safaricom, na doo zingine za serikali ya Uingereza, walikuwa wanajaribu kitu kipya kinaitwa M-Pesa. Na wazo la kwanza halikuwa kutuma pesa. Lilikuwa watu wamekopa Faulu, ile ya mikopo midogo, wawe wanalipa mkopo kwa simu. Walichukua wateja karibu 500 na maduka manane ya maajenti, wakapea hao wateja simu, wakawafunza. Halafu wakafanya kitu cha maana: wakatulia wakacheki.

Wakaona vituko. Msee anaweka pesa kwa ajenti Nairobi, anapanda mat, anazitoa akifika Thika, juu hataki kuibiwa njiani. Mwenye biashara anaweka mauzo ya siku kwa simu usiku, kwa sababu benki imefunga na ajenti bado ako wazi. Mwingine analipia mwenzake mkopo, halafu wanamalizana kivyao. Wengine wananunua kredo na M-Pesa wanarushia watu wao ushago, na huko kredo inakuwa kama pesa. Na watu walikuwa tu wanatumiana doo, kwa sababu zao, bila kuambiwa na mtu.

Timu ingeweza kusema hawa watu wanatumia kitu vibaya, tuwafunze tena. Badala yake walitupa kando lile wazo la mkopo. Machi 2007 M-Pesa ikatoka ikiwa na ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani. Mengine unayajua, uko nayo mfukoni.

Noma ni kwamba wangeuliza hao watu 500 "mnapenda hii huduma?", wote wangesema ndio. Hapa ndo watu wengi wanakosea kuhusu huu utafiti, wanadhani ni kusambaza fom ya maswali na kuhesabu nani amesema nini. Mkenya ukimwuliza kama apu yako iko poa atakuambia "iko sawa tu." Amekuja kwako, umempa soda, ataanza kukuvunja moyo kwani? "Iko sawa tu" ndio jibu la uongo lenye heshima zaidi katika nchi hii. Ukitaka ukweli, uliza kitu kimefanyika tayari. "Mara ya mwisho ulituma pesa kwa namba mbaya, ulifanya nini?" Hapo mtu anasahau heshima. Atakuambia alipigia mwenye namba akazimiwa simu, akatetemeka, akaforwad mesej kwa 456, akaomba Mungu. Sasa unajua kwa nini siku hizi M-Pesa hukuonyesha jina la mtu kabla doo haijatoka. Hio haikutoka kwa fundi anapenda kuongeza vitu kwa skrini. Ilitoka kwa machozi ya watu.

Sasa tuje kwa SHA, maana hapo ndo shida inaacha kuwa ya kucheka.

SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Unajisajili kwa *147# ama onlaini, na kama huna payslip unaulizwa maswali mengi kuhusu maisha yako, nyumba yako imejengwa na nini na kadhalika, ndo sistemu ikadirie utalipa ngapi. Kiwango ni asilimia 2.75 ya mapato, na chini kabisa ni 300 kwa mwezi. Lakini kama uko kwa jua kali, ulitakiwa kulipa ya mwaka mzima mara moja. Chini kabisa hio ni 3,600.

Hebu tembea na mama mboga siku moja tu, saa kumi alfajiri Marikiti hadi saa tatu usiku. Hana mwezi huyu. Ako na siku. Leo ameuza, kesho kanjo wamembeba. Ananunua mafuta ya kupima, anauza sukuma ya mbao, tokeni za stima anaweka za finje. Maisha yote ni kadogo kadogo, halafu unamletea bili ya mwaka. Baadaye ikaja Lipa SHA Pole Pole, unakopeshwa hio ada unalipa kidogo kidogo. Sawa, ni afadhali. Lakini kitu mtafiti angeona kwa siku moja sokoni kilirekebishwa baada ya watu kukosa kulipa, na dawa yenyewe ikawa deni.

Kingine ni ile OTP, namba ya siri inatumwa kwa simu kuthibitisha ni wewe unatibiwa. Kwa ofisi inaonekana safi kabisa: mgonjwa mmoja, simu moja, laini moja. Mtaani na ushago mambo si hivyo. Ni wangapi hapa mlimsajilia mathe SHA mkiwa Nairobi, mkaweka namba zenu juu yeye "hajui mambo ya simu"? Mathe akifika hospitali Kakamega, OTP inaingia kwa simu yako Nairobi. Na wewe uko kwa mjengo, simu iko kwa mfuko wa jaketi, jaketi imening'inia chini. Mathe ako kwa benchi. Nesi anamwambia angoje. Hakuna mtu hapo amefanya kosa. Kosa lilifanyika mbali sana, kwa meza ya mtu aliamua kila Mkenya ako na simu yake, ina chaji, na ako nayo karibu.

2025 Wizara ya Afya ikasema inatoka kwa OTP inaenda kwa alama za vidole, juu OTP zilikuwa zinatumika kuiba. Kuziba wizi ni poa, sina shida na hio. Lakini kuna swali la kitafiti hapo: vidole vya nani? Mtu amevunja mawe miaka ishirini, ama amechuna majani chai Kericho tangu akiwa kijana, vidole vyake vimelainika, na mashine huweza kumkataa mara tatu mara nne. Hao ndo wa kwanza kujaribiwa, sio karani wa ofisi ya Upper Hill mwenye vidole vyororo.

Watu wa Gava watakuambia ushirikishwaji wa umma ulifanyika. Wakati mwingine hata huo haufanyiki. Januari 2024 Wizara ya Elimu iliagiza karo za shule za kitaifa zilipwe kupitia eCitizen, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema agizo hilo ni kinyume cha katiba, moja ya sababu ikiwa ni kwamba wananchi hawakuhusishwa. Lakini hata ukifanyika, ushawahi kuenda? Ni ukumbi, viti vya plastiki, MCA anaongea dakika arobaini, halafu mzae mmoja anapewa maiki anashukuru serikali. Hakuna mtu hupewa kabambe akaambiwa, "Haya, jisajili hapa tukiona." Maoni yanachukuliwa kuhusu kitu watu hawajashika.

Na si eti ni bei ghali. Mdenmark mmoja wa haya mambo, Jakob Nielsen, aliandika 2000 kwamba ukijaribu kitu na watu watano tu unaona karibu asilimia 85 ya matatizo ya matumizi. Watano! Wasee wamebishana kuhusu hio hesabu tangu hapo, na mimi naongeza langu: watano wako wakiwa wote ni wa Kilimani na iPhone, umepata matatizo ya Kilimani. Tafuta mmoja ako na mulika mwizi, mmoja haoni vizuri, mmoja anasoma Kiswahili pekee, mmoja hutumia simu ya kuazima.

Hii kazi haitaki ujue kuandika kodi. Mimi chuo niliachia njiani na bado naielewa, so wewe mwenye ulimaliza usinipee visingizio. Ukitaka kujaribu, chagua apu moja ama huduma moja, tafuta watu watano, waambie kabla uanze unataka nini na utafanya nini na majibu yao, wakikataa wacha. Mpe mtu simu na kazi moja: "Lipia good conduct." Halafu nyamaza. Hapo ndo pagumu, kunyamaza, juu utataka kumwonyesha kitufe kiko wapi. Usimwonyeshe. Andika kidole kilienda wapi kwanza, aliguna lini, aliuliza nini. Akisema "mimi ni mjinga wa hizi vitu," hio andika na upige mstari chini, maana hapo sistemu imefanya mtu mzima ajilaumu.

Ukimaliza lipa fare yake na uzime simu ya kurekodi. Uliza kama kuna kitu hujamwuliza. Mara nyingi hapo kwa mlango, akivaa jaketi, ndo atakuambia kwamba akiwa kejani yeye hata hajaribu, hupelekea tu yule kijana wa saiba.