Sumu Mbili, Lawama kwa Mmoja



Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii twaitumia kusifu ushirikiano wa watu. Kumbe sumu nazo hushirikiana.

Mwaka 1979 wataalamu Hammond, Selikoff na Seidman walitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya mafundi wa Marekani waliofanya kazi na asbesto. Wakiwalinganisha na watu wasiovuta sigara wala kufanya kazi ya vumbi hilo, waliona kwamba asbesto peke yake iliongeza hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu mara 5 hivi. Sigara peke yake, mara 11 hivi. Zilipokutana zote mbili, zaidi ya mara 50. Hatari hizo hazikujumlishwa tu, bali zilizidishana. Moshi hulemaza vinyweleo vinavyofagia vumbi kutoka mapafuni. Basi nyuzi za asbesto husalia humo, pamoja na sumu za moshi wenyewe.

Hapo ndipo dhuluma hupata mlango. Mfanyakazi augua, naye mwajiri asema: "Huyu alikuwa mvutaji, ajilaumu mwenyewe." Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli yaweza kuwa uongo mzima. Ni kweli kwamba anayeacha sigara hupunguza hatari yake, nasi yatupasa kumhimiza aache. Lakini aliyejua ubaya wa vumbi lile akanyamaza hawezi kunawa mikono katika moshi wa sigara ya maskini. Kosa la mmoja halifuti deni la mwingine.

Jambo hili si la Marekani tu. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, lakini mapaa ya zamani yangalipo katika nchi zetu, pengine hata juu ya shule na nyumba za parokia. Paa zima lisiloguswa lina hatari ndogo. Hatari huja linapokatwa, kutobolewa au kuvunjwa. Je, ni haki kumpa kijana nyundo alibomoe bila kinga yoyote, kwa ujira wa siku moja, hali saratani yaweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40, wakati ambapo hakuna atakayekumbuka nani alimwajiri?

Viongozi wa walei, kabla ya kudai haki kwa wenye viwanda, tuanze kwa kutazama mapaa yetu wenyewe.