Sashe au birika: kahawa gani nyumbani kwa mkulima wa kahawa?



Kwenye butiki za Baraka sashe za kahawa zinaning'inia mlangoni pamoja na sabuni na maziwa ya unga. Unakata moja, unamimina kwenye kikombe, unaongeza maji ya termosi, basi. Kule juu, kwenye vilima vya Fizi, wanachama wenye miti ya kahawa nyuma ya nyumba nao wako wananunua sashe hizohizo. Kahawa yao wenyewe inashuka kwa gunia ikiwa bado parche, na wengi hawajawahi kuionja hata siku moja. Juu ya jambo hili tunataka kutoa maoni yetu, na tunajua si wote mtakubali.

Sisi tunasema hivi: mkulima wa kahawa anywe kahawa ya shamba lake, iliyopikwa kwenye birika. Sashe ibaki ya safari. Franka ni sababu moja, lakini sababu kubwa zaidi iko kwenye meza ya mnunuzi, na tutaifikia.

Tuanze na franka. Kilo moja ya parche, ukiitoa ganda, inakupa karibu gramu 800 za kahawa ya kijani. Ukikaanga, maji yanatoka, unabaki na gramu 650 hivi. Kikombe cha kawaida kinataka gramu 10 za unga. Kwa hiyo kilo moja ya parche ni vikombe 65, yaani zaidi ya miezi miwili kwa mtu anayekunywa kimoja kila asubuhi. Sasa chukua karatasi. Andika bei mliyolipwa kwa kilo ya parche msimu uliopita, na pembeni andika bei ya sashe mara 65. Hatuandiki bei hapa kwa sababu zinabadilika kila mwezi, na zinabadilika kila kijiji. Ongeza makala kwenye hesabu ya birika, ongeza na sukari. Ukimaliza, mwonyeshe jirani.

Tena angalia kinachouzwa ndani ya ile sashe ya tatu kwa moja. Nyuma yake kuna orodha ya vitu vilivyomo, na kwa kawaida kile kinachoandikwa cha kwanza njo kile kiko kingi kuliko vyote. Mara nyingi ni sukari. Kinachofuata ni unga mweupe unaofanana na maziwa, ambao sehemu yake kubwa ni mafuta ya mimea na sukari nyingine. Kahawa inakuja nyuma, na ni kidogo sana. Hata hiyo kahawa ilipikwa kiwandani, ikakaushwa, ikarudishwa kuwa unga. Ni kazi ya zamani: Nescafé ilitoka Uswisi mwaka 1938, katika nchi isiyolima kahawa. Sisi tunaolima tunauza gunia, kisha tunanunua sukari yenye harufu ya kahawa.

Lakini tuseme ukweli, sashe haina ubaya wote. Mtu mmoja anayetoka saa kumi na moja asubuhi kwenda shamba, kuwasha mbabula kwa kikombe kimoja ni kupoteza makala. Mwalimu anayeishi peke yake, muuguzi wa zamu ya usiku, dereva wa moto anayelala njiani, hao sashe inawasaidia. Birika ni ya watu wanne, watano, na nyumba nyingi za wanachama ziko na watu zaidi ya hao. Ulaya nako wamepata sashe yao ya kitajiri: kidonge cha plastiki au aluminiamu chenye gramu 5 hivi za kahawa, kinaingizwa kwenye mashine ya umeme na kutoa kikombe kimoja. Takataka zake zilizidi mpaka mji wa Hamburg, Ujerumani, ukakataza vidonge hivyo kununuliwa kwa ofisi zake mwaka 2016. Zetu zinaishia mtaroni, mvua ikinyesha zinaenda ziwani.

Sasa meza ya mnunuzi. Wenye arabika mnaijua ile habari: mnunuzi anaonja, anatema, anasema kahawa yenu iko na harufu ya kiazi kibichi. Bei inashuka palepale. Ni kasoro ya kweli, inaonekana hapa Kivu, Rwanda na Burundi, na inahusishwa na mdudu antestia anayetoboa matunda. Hatumlaumu mnunuzi anayesema ukweli. Shida yetu ni kwamba upande wetu wa meza hakuna mtu anayeweza kusema "ndiyo, tumeisikia" au "hapana, onja tena". Watu ishirini wa kamati, wote wanakunywa sashe, na kahawa inayobishaniwa hakuna anayejua inafananaje ndani ya kikombe. Hapo mnapokea bei mnayopewa.

Na hapa, wanaopenda kikombe kimoja-kimoja watafurahi, maana kwa kazi hii birika inashindwa. Punje moja yenye kasoro ya kiazi inaharibu kikombe kizima, na ukiitia ndani ya birika inaharibu birika yote. Utasema shamba lote ni bovu, kumbe ilikuwa punje moja. Njo maana wataalamu wa kuonja wanapanga vikombe vitano vya kahawa ileile, kila kimoja kinapimwa na kusagwa peke yake. Kikombe kimoja kikinuka kiazi na vinne vikawa safi, mnajua tatizo lina ukubwa gani.

Jambo hili mnaweza kulifanya kijijini. Kaanga kahawa kidogo, isiwe nyeusi, iwe rangi ya udongo mwekundu uliolowa. Pima gramu 8 mara tano. Twanga kila fungu peke yake na upanguse kinu kila mara, bila hivyo harufu inahama. Weka kwenye vikombe vitano, nusa kwanza ikiwa kavu. Kisha mimina maji yaliyotoka kuchemka, kama mililita 150 kwa kila kikombe, ngoja dakika 4, vunja povu kwa kijiko huku pua iko karibu. Kiazi kinajitangaza, hakifichiki. Mkikipata, rudini shambani: pogoeni miti iliyofungana, maana mdudu yule anapenda majani mazito, na wakati wa kuchambua tupeni matunda yanayoelea juu ya maji. Punje nyingine zenye kasoro hazionekani kwa macho, kwa hiyo kuonja hakuna mbadala.

Wenye robusta chini huku karibu na ziwa, kiazi si tatizo lenu kubwa, lakini onjeni pia. Moshi, ukungu na harufu ya mafuta ya gari ndani ya gunia, vyote vinatoka kwenye kikombe.

Kuhusu birika yenyewe, watu wengi wanaiharibu kwa kuichemsha muda mrefu. Unga na maji vinatokota pamoja nusu saa, inatoka chungu, halafu tunaifunika na sukari vijiko vinne. Chemsha maji peke yake, epua, ndipo utie unga, gramu 55 mpaka 60 kwa lita. Robusta weka pungufu, kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika. Koroga mara moja, funika dakika 4 au 5, nyunyiza maji baridi kidogo ili unga ushuke, mimina taratibu. Anayependa tangawisi aitwange na kuichemsha kwenye yale maji kabla. Wa milimani msiogope kwamba maji yenu yanachemka mapema: kwenye mita 1,800 yanachemka karibu digrii 94, na kahawa inapenda hivyo.

Kuna mama mmoja atauliza, na ana haki: nani atakaanga, nani atatwanga? Tayari kuna maji, kuni, sombe na watoto. Tukisema tu "rudini kwenye birika", tumeongeza kazi kwa mtu yuleyule. Kwa hiyo kaangeni mara moja kwa wiki, ndani ya sufuria kavu, dakika 15 mpaka 20 mkikoroga bila kuacha, mpaka mpasuke wa kwanza usikike kama bisi. Mwageni kwenye lungo ipoe upesi, hifadhini kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Kutwanga afanye baba au kijana wa kiume. Wanaume wa koperative wanaopinga hilo wajibu wenyewe kwenye mkutano.

Ombi letu kwa kamati ni kwamba mkutano mkuu ujao uamue mambo mawili. La kwanza, kila mwanachama mwenye kahawa abakize kilo tano za parche nyumbani kabla ya kuuza. La pili, siku ya kupeleka kahawa, kila kikundi kionje vikombe vyake vitano kabla gari ya mnunuzi haijafika, na matokeo yaandikwe kwenye daftari. Vikombe na kinu viko kila kijiji. Kinachokosekana ni mizani ndogo ya gramu, na moja inatosha koperative nzima. Chai ya mapumziko ya mkutano huo iwe kahawa yenu.