Nyuklia si Bomu Pekee

Mwaka huu babu yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi, alianza kuhema hata akipanda vidato vya msikiti tu. Daktari hapa Lamu alimpima, akampiga eksirei, kisha akamwambia aende Nairobi akapigwe picha ya moyo kwa njia ya nyuklia. Babu aliposikia neno hilo aliinuka kitini. "Mimi siendi kudungwa bomu!" akasema. Hadi leo hajaenda.

Mimi simcheki. Hapa pwani neno nyuklia linatisha. Mwaka 2024 wakaazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga kujengewa kituo cha umeme wa nyuklia. Sisi Lamu nasi tulipinga mtambo wa makaa ya mawe mpaka leseni yake ikafutwa mwaka 2019. Anayeuliza maswali si mjinga. Lakini kwa maoni yangu, kituo cha umeme ni jambo moja na kipimo cha hospitali ni jambo jingine. Tusichanganye mchele na chuya.

Kwani kipimo chenyewe ni nini? Mgonjwa hudungwa dawa kidogo yenye madini yaitwayo teknetiamu. Dawa hufuata damu hadi moyoni, na kamera ya gama hupokea miale inayotoka mwilini. Picha hupigwa moyo ukiwa umechoshwa na ukiwa umepumzika. Sehemu isiyopata damu ya kutosha huonekana hafifu. Kwa mapafu, hutazamwa hewa inafika wapi na damu inafika wapi. Pakifika hewa bila damu, huenda pana damu iliyoganda. Eksirei ya kawaida haionyeshi hayo vizuri.

Nguvu ya teknetiamu hupungua nusu kila masaa sita. Saa kumi na mbili asubuhi ikiwa nzima, adhuhuri imebaki nusu, magharibi robo, usiku wa manane thumuni. Hilo ni jema kwa mgonjwa, maana haikai mwilini. Lakini kwetu sisi wa visiwani ni shida: dawa kama hiyo haiwekwi kabatini ikamngoja mtu. Inabidi mgonjwa aifuate kwenye hospitali kubwa kama Kenyatta, Nairobi. Avuke kwa boti hadi Mokowe, kisha apande basi siku nzima na zaidi.

Wengine watasema miale ni miale tu. Kweli, haifai kuchezewa. Mama mjamzito au anayenyonyesha lazima amwambie daktari mapema, na si kila kikohozi kinahitaji kipimo hiki. Lakini mnururisho wa picha ya mapafu unakaribia ule ambao kila mtu hupata kwa mwaka mmoja kutoka ardhini na angani.

Kwa hivyo naomba mambo mawili. Kwanza, madaktari wasitaje nyuklia wakaandika barua basi. Wakae na wazee wawaeleze kwa Kiswahili. Pili, kaunti iwasaidie nauli wagonjwa wanaotumwa mbali, kwa sababu hofu ikiisha, nauli bado ipo.

Mimi jioni hii nitamsomea babu ukurasa huu barazani. Akikataa tena, nitamkumbusha alilonifunza mwenyewe: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu